Sorumi Hakuwahi Kuuliza

Mwalimu hakuwa mtu wa kukuacha umalize sentensi. Ungefika kwake umetumwa, useme, "Mwalimu, mama anasema," naye tayari ameinuka anaelekea kibandani. "Jembe," angesema. "Mwambie alirudishe kabla ya Sabato." Mara nyingi lilikuwa jembe kweli. Mara nyingine ulikuwa umetumwa panga, lakini alikukabidhi jembe lile kwa uhakika hata ukaona aibu kumsahihisha, ukalibeba kwenda kugombezwa nyumbani.

Boma lake na letu yalipakana hapa Manga, lake juu, letu chini, na katikati majani chai na kijia cha kuteremkia kisimani. Kwa hiyo nilimjua kwa njia mbili: jirani aliyetuazima vyombo, na mwalimu wangu wa somo la dini katika shule ya sekondari upande wa Sironga. Kuhusu alikozaliwa na ukoo wake sitasema kitu. Hayo mtu yeyote wa mlima huu atakueleza hata bila kuulizwa, na ukimaliza kuyasikia utakuwa bado humjui.

Alipenda sana kutabiri mvua. "Saa nane," angesema akiangalia upande wa Sironga, mikono nyuma. Kwetu mvua hupenda kuja alasiri, hata kuku wanajua wakati wa kuingia ndani, lakini Mwalimu alitangaza kama mtu aliyepigiwa simu kutoka juu. Ikinyesha, alitikisa kichwa kwa unyenyekevu, hataki kusifiwa. Isiponyesha, alisema imenyesha Magwagwa.

Kanisani alikaa benchi la pili na kumtangulia mhubiri kwa kunong'ona. "Sasa atatuambia habari za mama yake." Mhubiri anatuambia habari za mama yake. "Sasa atatoa kitambaa." Kitambaa kinatoka. Sisi watoto tuliokaa nyuma yake tulipigania nafasi hiyo. Sabato moja akaja mhubiri mgeni mwenye masikio makali. Akamsikia, akakatiza mahubiri katikati ya neno, akamtazama Mwalimu, kisha akafunga Biblia yake na kuketi. Waumini wengine walifurahi kutoka mapema. Mwalimu hakula vizuri mchana ule. "Hakutakiwa kukaa pale," alimwambia baba yangu. "Alikuwa amebakisha jambo moja, nami nalijua."

Sisi wanafunzi alitutabiria wote. Mimi aliniambia nitakuwa nesi. Leo nina duka la pembejeo mjini Nyamira, nauza mbolea, chakula cha kuku na dawa ya kupe, na ng'ombe wa watu wakiugua napigiwa simu mimi kabla ya daktari wa mifugo. Nilipomkumbusha utabiri wake, alisema hakukosea. Alisema nitatibu, hakusema nitamtibu nani.

Mke wake alikuwa amemzoea. "Huyu mwalimu wenu anajua yote," alimwambia mama yangu siku moja wakichuma chai, mimi nikiwa mstari wa kando. "Hata siku yangu ya kufa anaijua. Lakini wewe muulize tu, hapo jikoni kwake, chumvi inakaa wapi." Mama alicheka mpaka akaegemea kikapu. Ilikuwa kweli. Wanaume wa rika lake hawakuwa na kazi jikoni, na yeye sijawahi kumwona akivuka ule mlango. Aliketi mezani, akaonja, akasema "Chumvi," na chumvi ikaja.

Ningependa kusema kwamba alikuwa na majivuno, ingekuwa rahisi kumweleza. Lakini mwenye majivuno hakupi jembe lake jipya. Hakuwahi kutupiga, na aliyekosa chakula cha mchana alijikuta ameitwa ofisini "kubeba vitabu", akakuta mkate. Hata huo mkate hakukuuliza kama unautaka. Alijua tu. Nafikiri alitupenda kwa namna hiyo: kwa kutujua mapema, ili tusipate taabu ya kujieleza.

Kitu tulichokipenda zaidi kwake kilikuja Ijumaa, kipindi cha mwisho, watu wakiwa na haraka ya kufika nyumbani kabla ya jua kuzama. Alikuwa na kipande cha jiwe la Kisii mezani, cha kuzuia karatasi, alichokitoa Tabaka, kwa wachongaji, alikofundisha zamani. Alikishika mkononi na kutusimulia habari za Sorumi.

"Hii si ya Biblia," alianza kila mara, kidole juu. "Na si ya Abagusii wa kale. Nimeitunga mimi. Mtu asije akaiandika kwenye mtihani." Bila shaka kuna aliyeiandika. Mvulana mmoja aliyetutangulia aliulizwa, katika mtihani wa majaribio, aeleze imani za jamii moja ya Kiafrika, akajaza ukurasa mzima kuhusu Sorumi. Karatasi zilisahihishwa na mwalimu wa shule nyingine, naye akampa alama zote. Mwalimu alikasirika sana. Baadaye tukamwona ofisini akiwasomea wenzake karatasi ile kwa sauti.

Sorumi alikuwa mungu wa nchi iliyokuwepo kabla ya nchi zote, nchi yenye mlima mrefu kama Manga. Aliketi juu ya mlima akichonga watu kwa mawe. Kila alipopiga tezo, aliona kesho ya huyo anayemchonga: atakwenda wapi, ataoa nani, atazikwa chini ya mti gani. Dada yake Itebe alikaa chini, kwenye chemchemi, na karai la maji. Sorumi alimtelemshia sanamu huku akipaza sauti: "Huyu chifu. Huyu mwizi wa mbuzi. Huyu mama wa mapacha." Itebe aliwasugua kwa mchanga na maji, akawaanika juani, nao wakainuka na kwenda kuwa kile kile walichoitwa. Tangu dunia ianze, Mwalimu alisema, Sorumi hakuwahi kuuliza swali. Angeuliza nini?

Tulimpenda Sorumi, hasa wale tulioahidiwa mambo mazuri. Lakini mimi yule mwizi wa mbuzi alinisumbua. Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, sasa yule mwizi..."

"Najua unachotaka kuuliza," akasema, na akajibu swali jingine kabisa.

Mtoto wake wa kwanza alikuwa darasani mwetu. Ana jina lake zuri la ubatizo, lakini sijui kama kuna mtu mlimani analikumbuka, kwa sababu tangu utotoni aliitwa Daktari. Ilianza hivi. Kifaranga alivunjika mguu, na mtoto huyu, hata shule hajaanza, akamfunga kwa kijiti na uzi wa kushonea. Mwalimu akapita, akaona, akasema, "Daktari." Basi. Mama yake akawa Mama Daktari. Njia panda iliyo chini ya boma lao, wanakosubiri watu wa boda boda, ikawa steji ya Kwa Daktari. Mpaka leo ukipanda pikipiki mjini Nyamira unasema hivyo, na hata dereva mgeni anakufikisha. Mtoto wa kaptura alikuwa na steji iliyoitwa kwa kazi ambayo bado hakuwa nayo.

Tulirudi pamoja kutoka shule kila siku, kwa kuwa njia ilikuwa moja. Alikuwa mpole, mwenye kupenda kukaa jikoni na mama yake kuliko kukaa na wanaume. Jioni moja tukipanda mlima aliniambia, bila kunitazama, "Unajua yule kifaranga alikufa?"

"Kifaranga gani?"

"Yule wa mguu. Alikufa usiku ule ule. Tata hakuuliza." Tata ndivyo tunavyomwita baba kwa Kikisii. Alisema hivyo tu, tukaendelea kupanda.

Mwaka wetu wa mwisho ilifika siku ya maombi. Shule zetu zote zina siku hiyo: wazazi wanakuja na mahema yanasimamishwa, kalamu za watahiniwa zinatiwa katika karai na kuombewa, kisha walimu wanashika kipaza sauti mmoja mmoja kutamka wanayoyaona mbele. Walimu wengi hutamka kwa jumla, shule itang'aa na kadhalika. Mwalimu alimwambia mwanawe asimame. "Wenzangu wanatumaini," akasema. "Mimi naona. Huyu ni daktari." Akina mama walipiga vigelegele, mchungaji akasema amina. Mimi nilikuwa nimeketi nyuma ya Daktari. Shati lake lilikuwa limelowa mgongoni, na siku ile kulikuwa na baridi.

Matokeo ya Daktari yalipotoka hayakuwa mabaya, ila hayakuwa ya udaktari. Shida ni kwamba majirani hawakungoja kuyasikia. Wangoje nini, na Mwalimu alikuwa ameshaona? Walipanda na mikungu ya ndizi, soda, na jogoo mmoja mweupe, wakamkuta Mama Daktari mlangoni. Hakuwaambia. Alipokea ndizi, akawapikia chai, wakaimba na kuomba, na mwenye siku yake amejifungia chumbani akiwasikiliza. Mama yangu alikuwa miongoni mwa waimbaji, na mpaka leo wimbo ule akiusikia kanisani hauimbi.

Baada ya Pasaka Daktari aliondoka asubuhi na mapema. Pale steji dereva mmoja akamwambia, "Daktari, twende?" Akaenda. Tulisikia yuko Nakuru, baadaye Naivasha. Krismasi ikaja bila yeye, na nyingine, mpaka watu wakaacha kuuliza. Mwalimu alisema yuko kazini. Habari zilikuwa zimeshapanda mlima zenyewe, kama habari zote, kwamba ni mpishi katika shule ya bweni. Mpishi, mtoto wa kiume, mtoto wa Mwalimu. Walicheka pembeni, si mbele yake.

Siku ya maombi iliyofuata, dada yangu mdogo alikuwa shuleni pale, ndiye aliyenisimulia. Mwalimu alipewa kipaza sauti, akakishika, akasema, "Naomba kalamu zisikaukiwe wino," akaketi. Na Ijumaa iliyofuata, habari za Sorumi zikabadilika.

Ili kuelewa lazima uwe umeona jiwe la Kisii likichongwa. Likiwa kavu ni vumbi tu, yote yanafanana, meupe. Wanaume wanachonga, wanamaliza, wanaweka kando. Ni mpaka wanawake walitie majini na kulisugua kwa msasa ndipo rangi inajitokeza: huku waridi, huku kijivu, pengine mshipa mwekundu ambao hakuna aliyeujua. Sasa Mwalimu akasimulia kwamba siku moja Sorumi alipaza sauti, "Huyu chifu," na kutoka chini Itebe, kwa mara ya kwanza, akajibu, "Chifu wako ana mshipa mwekundu ubavuni." Sorumi hakuwahi kushuka chemchemini. Hakuwahi kuona jiwe likiwa limelowa.

Kijana mmoja akauliza, "Lakini Mwalimu, kama hajui, huyo sasa ni mungu gani?" Dada yangu anasema Mwalimu alimwacha afike mwisho wa swali. Akageuzageuza jiwe lake mkononi. "Umbo anajua," akasema. "Rangi hajui." Kengele ikalia.

Vijana walibishana njia nzima mpaka Manga, kama mungu asiyejua jambo moja tu bado ni mungu, na kama huyo chifu alikuwa chifu kweli au la. Neno likafika kwa mzee wa kanisa, naye akapanda kwa Mwalimu kumwonya. Mwalimu akamwambia ni hadithi tu. Lakini mama yangu alikuwa akikata majani ya ng'ombe kwenye mpaka, na mzee yule alipokwisha kuteremka, Mwalimu alimwambia, "Mungu tunayemwomba anajua yote, hapo sina shaka. Mimi ndiye niliyejiweka kwenye kiti chake." Mama alimwazima mundu wake, ambao Mwalimu hakuwa amekuja kuuazima.

Hadithi ile mpya haikuwa na mwisho. Sorumi aliposikia habari za mshipa mwekundu alifanya nini? Mwaka mmoja alilivunja lile jiwe. Mwaka mwingine aliziba masikio. Mwaka aliostaafu Mwalimu, Sorumi alihamia mlima mwingine usio na maji. Wanafunzi hawakuupenda hata mmoja kati ya miisho hiyo, na sidhani kama yeye aliupenda.

Ungedhani mtu aliyetunga jambo kama hilo amejifunza kungoja wenzake waseme. Hata. Siku moja nilikuwa sebuleni kwao nimeleta dawa ya ng'ombe, simu ikalia, alikuwa Daktari. Mwalimu akaiweka sikioni kwa mikono miwili. "Najua umechoka," akasema. "Najua kazi ni nyingi. Najua nauli imepanda. Mama yako hajambo. Haya, lala salama." Akabaki anaitazama simu.

"Amesema nini?" Mama Daktari akauliza kutoka jikoni.

"Hajambo."

"Nimeuliza, amesema nini."

Mwalimu akaigeuzageuza simu mkononi. Mimi nilijifanya nasoma maandishi ya chupa ya dawa. Sikuwahi kumhurumia mtu kama nilivyomhurumia siku ile, na kumkasirikia pia, kwa pamoja.

Desemba iliyopita Mama Daktari aliteleza kwenye mteremko wa chai akavunjika nyonga. Alipotoka hospitalini alilazwa chumba cha mbele, kitanda karibu na dirisha linalotazama jikoni, na kukawa na swali ambalo hakuna aliyelisema: nani atapika? Ijumaa moja nilifunga duka mapema nikawapelekea chakula cha vifaranga. Pale steji dereva wa boda boda, kijana ambaye hata hakuwa amezaliwa wakati wetu, akaniambia, "Kuna mtu nilileta jana, na begi kubwa. Alisema anaenda Kwa Daktari. Nikamuuliza, wewe ni mgeni wao? Akasema, kidogo."

Nilipanda kile kijia haraka kuliko umri wangu unavyoruhusu.

Mwalimu alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya mlango wa jikoni, mgongo umepinda, kofia yake ya sufu kichwani. Alikuwa ameketi pale pale kwenye mpaka, vidole vya miguu vikigusa kizingiti. Ndani kulikuwa na moto, na mbele ya moto mwanawe, mikono ya shati imekunjwa, nywele zimeanza mvi. Alikuwa akipika chinsaga, ile mboga yetu chungu, kwa maziwa, na ya Sabato lazima iwe tayari kabla ya jua kuzama. Shule zilikuwa zimefungwa, na wapishi wako likizo.

"Karibu," akaniambia. "Bado unatibu ng'ombe?"

"Bado."

"Moiseke, kaa," Mwalimu akasema. Bado ananiita hivyo, msichana, na mimi nina binti chuoni. Nikakaa juu ya mfuko wa chakula cha vifaranga. Mwiko ulizunguka ndani ya sufuria, na dirishani Mama Daktari aligeuka kitandani ili atuone.

"Najua," Mwalimu akaanza, na akanyamaza. Akauangalia mwiko, akaiangalia ile mikono iliyoushika, kisha akasema, polepole, "Siku hizi unafanya kazi gani?"

Nimeishi chini ya boma lile maisha yangu yote. Sikuwahi kuisikia sauti yake ikipanda mwishoni mwa sentensi.

Mwiko ukasimama. "Napika, tata," mwanawe akasema, bila kugeuka. "Napikia shule. Mimi ndiye mkubwa wa jikoni."

Nikamngoja Mwalimu aseme najua. Alikuwa anajua, miaka mingi, kila mtu alijua. Hakusema. "Na hiyo sufuria," akauliza, "ni kubwa namna gani?"

Mwanawe akageuka, akatanua mikono yote miwili. "Mtu anaweza kuoga ndani yake."

"Na mwiko?"

"Huwezi kuushika kwa mkono mmoja. Ni mrefu kama jembe lako."

Dirishani Mama Daktari alicheka, halafu akalalamika kwamba nyonga inauma akicheka. Mimi nilikuwa nalia, nikasema ni moshi.

"Na chumvi?" Mwalimu alikuwa ameinama mbele sasa, viwiko magotini, kama mwanafunzi wa benchi la kwanza. "Watoto wote hao. Unajuaje kama imetosha?"

"Sijui, tata," mwanawe akasema. "Sijui mpaka nionje." Akachota mboga kidogo kwa kijiko, akaipuliza, akakinyoosha kuelekea mlangoni.

Hakikumfikia. Mwalimu akainuka kwa kushika mhimili wa mlango, akainamisha kichwa, akaingia jikoni kwake. Alikipokea kile kijiko akaonja, macho yamefumbwa, na kwa mara moja katika maisha yake hakuwa na haraka ya kusema. Sote tulingoja, hata dirishani.

"Imepungua kidogo," akasema. Akageuka, akaangalia rafu, akaangalia mikebe, akaangalia kila upande wa chumba kile kama mgeni. "Chumvi inakaa wapi?"